Fomu ya Kumi na Mbili

Ildefonsi Ntirampeba alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini Kasulu, lakini ungemuuliza cheo chake asingekwambia tarishi. Angekwambia, "Nipo ofisini." Alilitamka taratibu, akanyoosha kola ya shati la kaki, akangoja uulize zaidi. Usipouliza, alikusaidia mwenyewe: "Funguo zote ninazo mimi."

Na kweli alikuwa nazo. Ya stoo, ya kabati la mafaili, ya choo cha wakubwa. Alizifunga kiunoni kwa kamba ya katani, na kila akikatiza sokoni watu walimsikia kabla hawajamwona. Uzeeni, alipokuwa akijisimulia, alianza daima na hizo funguo, na alicheka kabla hajafika popote. "Nilikuwa nalia kama mbuzi aliyefungwa njuga," alisema. "Tofauti ni kwamba mbuzi anajua ni mbuzi."

Basi mwaka 1972 zikaja fomu. Azimio la ujamaa lilikuwa limeshasema siku nyingi kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa, asiwe na nyumba ya kupangisha; sasa viongozi wa ofisi ile walitakiwa waandike mali zao. Kazi ya kuzigawa na kuzikusanya akapewa Ildefonsi. Maofisa walikuwa kumi na mmoja. Fomu zilikuwa kumi na mbili.

Mtu mwenye akili zake angeirudisha ile moja stoo, yakaisha. Ildefonsi aliitazama mchana kutwa. Aliiweka mezani, akaihamishia kabatini, akaitoa tena. Hoja yake ilikuwa hii, na aliiona nzito kama nanga: serikali haikosei hesabu. Kama zimekuja kumi na mbili, basi wa kumi na mbili yupo. Na ndani ya ofisi ile, ukiwatoa wale kumi na mmoja, alibaki nani? Walibaki yeye na paka.

Akachukua kalamu ya wino ya bosi. Jina: Ildefonsi Ntirampeba. Cheo: Tarishi Mwandamizi, ijapokuwa tarishi mwingine aliye chini yake hakuwapo. Mali: nyumba moja mjini, haijaezekwa, mbuzi watatu, baiskeli moja, haina breki. Akaweka sahihi yenye mikia mitatu, akailamba bahasha pamoja na zile nyingine, akaipeleka posta mwenyewe. Huko zilikokwenda hawakujibu. Akangoja mwezi, akangoja miwili. Kimya. Naye akakubali kwamba kimya kile ndicho kukubaliwa, akaanza kutembea kama kiongozi.

Sasa hiyo nyumba moja mjini. Nyumba haikuwa yake hata kidogo, tuseme ukweli. Ilikuwa ya mkewe, Immakulata, mwanamke wa Kibondo mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Viangazi vinne alikanyaga udongo, akafyatua matofali, akayachoma, kwa fedha za maharage na unga wa muhogo. Kiwanja kilikuwa pembeni mwa soko, kikitazama barabara. Vyumba viwili na baraza. Immakulata hakutaka kukaa humo. Kwake palimtosha, migombani. Alitaka mpangaji. Maisha yake yote alikuwa yeye ndiye anayebisha hodi kwa watu, na kikapu kichwani, nunueni jamani. Alitaka kabla hajafa, walau mara moja kwa mwezi, mtu abishe hodi kwake akiwa amekuja kumpa. Ndiyo mafanikio yake hayo, hakuwa na mengine.

Bati zilipopanda tu, mpangaji akajileta. Khatibu, fundi cherehani na muuza vitambaa aliyetoka Ujiji, kofia safi, salamu ndefu. Alikuwa na cherehani mbili zikilala stoo ya watu.

"Mama Esteri, baraza lile naliota usingizini," alimwambia Immakulata. "Nipe, nitakulipa miezi mitatu mbele."

Immakulata akamtazama mumewe. Ildefonsi akakohoa kikohozi cha ofisini.

"Haiwezekani," akasema. "Mimi ni kiongozi. Na kiongozi, kwa mujibu wa Azimio, ni mtu na mkewe."

Khatibu akamwangalia usoni kutafuta mzaha, hakuuona. "Kiongozi wa wapi, mzee wangu?"

"Siwezi kusema zaidi ya hapo."

Miaka miwili nyumba ile ikakaa tupu. Kuku wa jirani walitaga kwenye chumba cha mbele. Kila Jumamosi Immakulata alikwenda kuifagia, akafunga mlango, akarudi bila kusema neno, na Ildefonsi aliujua ukimya wa mkewe kwa aina zake. Huu ulikuwa wa kumtisha. Usiku alijifariji kwamba taifa linajengwa kwa kujinyima. Hakujiuliza kwa nini anayejinyima ni yeye na matofali ni ya mwingine.

Krismasi ya mwaka 1974 walikuja wakubwa wawili wa ukoo. Wa kwanza alikuwa Pasikali, mdogo wake Ildefonsi wa tumbo moja, mhadhiri huko Dar es Salaam. Ildefonsi aliacha shule darasa la nne ili huyu aendelee, na Pasikali akaendelea kwelikweli, mpaka ng'ambo, akarudi na ndevu na viatu vya wazi. Alikuja kwa treni, daraja la tatu, kwa makusudi, na siku ya kwanza haikwisha kabla hajaeleza mara nne kwamba alikuja daraja la tatu. Wa pili alikuwa Nestori, kaka yake Immakulata, meneja wa shirika moja la umma. Yeye alikuja na Peugeot na dereva, suti ya Kaunda, tumbo limetangulia.

Immakulata alikuwa ametengeneza pombe ya ndizi, chungu kizima. Majirani wakajaa uani. Na kwa Waha mambo ya chungu yana utaratibu: mwenye nyumba huonja kwanza, wageni waone pombe ni salama, kisha mrija wa pili humpa yule anayemheshimu kuliko wote waliopo. Hapo hapana maneno. Mkono unakokwenda ndiko watu wote wanakoangalia. Ildefonsi akaonja. Akashika mrija wa pili. Akabaki nao hewani, jasho likimtoka: msomi, au meneja?

"Mpe shemeji Nestori," Pasikali akasema. "Ndiye mkubwa. Ana gari."

"Gari la umma hilo!" Nestori akaruka. "Mimi mtumishi tu. Mpe profesa."

"Sijawa profesa. Mimi ni mfanyakazi, nafanya kazi ya akili."

"Kwa hiyo sisi wengine tunafanya bila akili?"

Majirani wakasogeza vigoda karibu. Ikawa ni mashindano ya nani ni mdogo zaidi. Huyu anasema mnyonge ni yeye, yule anasema hapana, ni mimi. Pasikali akasema mameneja ndio tabaka jipya, wazungu wameondoka, wao wakakalia viti vikiwa bado na joto. Nestori akajibu kwamba mapinduzi ya chaki hayajawahi kutoa hata gunia moja la saruji, na kwamba wafanyakazi wake walimfungia nje ya geti asubuhi nzima, wakimsomea Mwongozo wa chama kwa zamu, kwa sababu ya watu kama Pasikali kuwajaza maneno.

"Walisoma vizuri?" Pasikali akauliza.

"Walisoma vizuri sana! Mvua inaninyeshea!"

Mrija bado uko mkononi mwa Ildefonsi. Povu la chungu limekwisha. Ndipo Immakulata akaja kutoka jikoni, akauchukua ule mrija kwenye vidole vya mumewe, akapiga magoti kwenye chungu.

"Kama wote hamtaki heshima," akasema, "basi nipeni mimi mkulima."

Akavuta kwa nafasi yake, watu wakimtazama. Akajifuta mdomo. Kisha akayatoa yale aliyoyafagia Jumamosi zote za miaka miwili.

"Nyie mmesoma, nisaidieni. Baba Esteri ni kiongozi?"

Nestori akageuka. "Kiongozi wa nini, dada?"

"Muulize mwenyewe. Nyumba yangu imekaa na kuku kwa sababu yake."

Ikabidi Ildefonsi aseme. Akaeleza habari za fomu, maofisa kumi na mmoja, fomu kumi na mbili. Alipoona nyuso zinaanza kukunjamana, akaharakisha kuitoa ile hoja yake nzito: "Serikali haikosei hesabu!" Loo! Nestori alicheka hadi pombe ikamtokea puani. Alishika mti, akashika tumbo, akamwomba dereva leso. Majirani walijirusha chini. Mzee mmoja kiziwi alicheka kwa kuwaona wenzake wanacheka.

Pasikali hakucheka, na afadhali angecheka. Alimwekea kaka yake mkono begani, akamweleza kwa upole, kama anavyowaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. "Kaka, usione vibaya. Masharti yale ni ya watu wa ngazi za kati na za juu. Wewe uko chini kabisa. Wewe ndiye mnyonge mwenyewe. Mapinduzi yote haya tunayafanya kwa ajili yako."

Aibu iliyompata Ildefonsi hata uzeeni hakuipunguzia neno. Masikio yalimwaka. Alimtafuta mkewe kwa macho, akaona kwamba katika uwanja mzima ni yeye peke yake asiyecheka. Anamngoja aseme kitu. Neno moja tu lilitosha. Samahani. Na mpumbavu yule, baba wa watu, akasimama akasema kwa sauti ya mkutanoni: "Nyumba ile haipangishwi."

Asubuhi yake Immakulata akapanda lori kwenda kwao Kibondo. Kitanda alikitandika, na uji aliuacha mekoni. Ufunguo wa nyumba ya sokoni alikwenda nao, na ndio ufunguo mmoja wa pale Kasulu ambao Ildefonsi hakuwahi kuwa nao.

Siku hiyohiyo, saa nne, Nestori alimwita ndani ya gari, akamtuma dereva akanunue sigara.

"Shemeji, ya jana tusamehe. Sikiliza. Nina nyumba Kigoma na nyingine Dar, zina wapangaji. Unajua hali yenyewe. Kwa jina la mke wangu haifai, kiongozi ni mtu na mkewe, mwenyewe umesema. Tuziandike jina lako. Wewe hakuna atakayekuuliza. Wewe si mtu."

"Si mtu?"

"Si mtu wa fomu, namaanisha."

Jioni Pasikali akamchukua matembezi shambani kwenye mibuni. Akasifu hewa, akasifu wakulima. Akavunja kijiti, akakitupa. "Kaka, kuna kijumba nimejenga. Kidogo tu, vyumba sita, na wamo watu, ungewatoa wangekwenda wapi? Ni jambo la mpito, mpaka ujamaa ukamilike. Nilifikiri jina lako..."

"Kwa kuwa mimi ni mnyonge," Ildefonsi akasema.

"Hasa!" Pasikali akasema, kwa furaha ya mwalimu aliyeeleweka.

Fikiria mtu huyu. Jana amevuliwa cheo mbele ya chungu, leo kabla jua halijazama angekuwa na nyumba tatu na wapangaji tele, tajiri kupita mtu yeyote wa nyanda zile, na wote wawili waliokuja kumtajirisha walimtajirisha kwa sababu hiyohiyo moja: si mtu. Alicheka peke yake kati ya mibuni hadi mdogo wake akaingiwa na wasiwasi. Majibu yake kwa wote wawili yalikuwa mamoja. "Fomu yangu imeandikwa nyumba moja. Siwezi kuanza kuongeza." Waliondoka wamenuna, kila mmoja akiamini kwamba mwenziwe ndiye amemharibia.

Wiki ya pili uji hakuna wa kumpikia, na nyumba imepooza. Ildefonsi aliacha funguo zote ofisini, juu ya meza, akapanda lori la mahindi kwenda Kibondo. Njia nzima alitunga hotuba. Ilikuwa na sehemu tatu, ile hotuba, na utangulizi. Alipofika alimkuta Immakulata uani kwa mama yake, anapeta maharage.

"Umekuja kama nani?" Immakulata akauliza, bila kuinua kichwa.

Hotuba yote ikafutika. "Kama tarishi," akasema.

Immakulata akapeta mara mbili, tatu. Mabega yakaanza kumtikisika, na Ildefonsi akadhani analia, kumbe mwanamke anacheka, kicheko alichokibana tangu Krismasi. Akaweka ungo chini.

"Baba Esteri, mimi nilijua toka siku ya kwanza. Kasulu nzima inajua. Kuku wenyewe wanajua."

"Sasa kwa nini hukuniambia? Miaka miwili!"

"Ulikuwa unatembea vizuri," akasema. Kicheko kilikuwa kimemwisha. "Toka uache shule kwa ajili ya yule mdogo wako, ulikuwa unatembea umeinama. Ukaja na fomu yako, ukanyooka. Nikasema, basi, acha anyooke kidogo, nyumba itangoja. Nilidhani utachoka. Hukuchoka, mume wangu! Nikachoka mimi."

Ildefonsi alikaa chini kwenye vumbi, palepale. Alitaka kusema samahani, ikakwama, akachukua maharage yaliyodondoka akaanza kuyaokota moja moja. Immakulata akamwacha aokote. Alipomaliza, neno lenyewe likamtoka, na halikuwa na sehemu tatu wala utangulizi.

Mwezi wa pili mwaka 1975 Khatibu akaingiza cherehani zake. Mwisho wa mwezi alibisha hodi nyumbani, kanzu safi, akamkabidhi Immakulata kodi yake kwa mikono miwili. Immakulata alimwambia arudi nje abishe tena, maana mara ya kwanza hakusikia vizuri. Khatibu, mtu mwenye adabu zake, akatoka akabisha tena.

Tungeishia hapo, lakini maisha yana utani wake. Mwaka 1977 vyama viwili vikaungana kikazaliwa kimoja, na kila mahali wakatafutwa viongozi wapya. Kwenye mkutano wa tawi, watu kama sitini darasani, wanaume huku, wanawake kule, jina la kwanza lililotajwa kwa uenyekiti lilikuwa la Ildefonsi Ntirampeba. Alidhani ni mzaha. Akageuka kuangalia nani anacheka. Hakuna anayecheka. Akasimama mwalimu mmoja, akasema mtu aliyeachia nyumba yake kwa kuku miaka miwili kwa ajili ya Azimio, wakati hata halikumhusu, wapi tena tutampata? Watu wakapiga makofi. Makofi ya kweli, ya kumtaka.

Alilitaka lile jambo, Mungu ni shahidi wake. Alilitaka kuliko alivyowahi kutaka chakula. Mgongo wenyewe ulishaanza kunyooka bila kuombwa. Akatazama kwa wanawake, akamwona Immakulata ameketi mikono mapajani, uso hauna kitu, anamwachia. Akajua kabisa kwamba yeye angenyamaza, mkewe naye angenyamaza. Nyumba ingeandikwa jina la mama mkwe Kibondo, Khatibu angeendelea kubisha, na hakuna ambaye angeuliza.

Akasimama.

"Ndugu zangu, asanteni. Siwezi. Nina mpangaji."

Watu wazima, wenye heshima zao, wakaanza kuchunguza dari. Msimamizi wa mkutano alikohoa, akainama, akamwambia kwa sauti ya chini lakini wote walisikia: "Ndugu Ildefonsi, keti. Hakuna aliyekuuliza."

"Fomu itauliza," Ildefonsi akasema, akaketi.

Akachaguliwa mwingine, mfanyabiashara mwenye nyumba tatu barabara ileile ya soko. Baada ya siku chache fomu yake ikapita ofisini, na kwa kuwa "matarishi hatukuongezewa akili lakini macho tunayo," kama alivyopenda kusema mwenyewe, Ildefonsi akaona penye mali pameandikwa: Hakuna. Ilikuwa imeambatanishwa na fomu moja ya ziada, tupu. Ildefonsi aliikunja ile tupu, akaitia mfukoni. Ile nyingine akaitia kwenye bahasha, akailamba, akaipeleka posta.

Njia ya posta ilipita sokoni. Cherehani za Khatibu zilikuwa zikienda mbio barazani, na Immakulata alikuwa ameketi palepale kwenye kiti cha wateja, miguu ameinyoosha, hafanyi kitu. Ildefonsi akampa ile fomu tupu. Immakulata aliigeuza huku na huku, kisha akainuka, akaitandika kwenye kiti alichokuwa amekalia, maana kilikuwa na vumbi, akakaa tena juu yake.